Barua ya wazi kwa wakuu wa vitivo vya sheria: mwaka wa kwanza wanaandika, hawasomwi

Waheshimiwa wakuu wa vitivo na idara za sheria katika vyuo vyetu,

Shikamooni wale mlionifundisha na wenye umri wa kunifundisha. Wenzangu wa rika langu, poleni na kazi. Ninawaandikia kutoka Tabora mjini, ambako nina ofisi ndogo ya uwakili, vyumba viwili na kibaraza, si mbali na mahakama. Sina cheo katika chuo chochote. Vyuo vyenu navijua kupitia vijana wanaokuja kwangu kila likizo ndefu kufanya mafunzo kwa vitendo. Wanasoma Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma, Iringa, Mzumbe, wengine hapahapa, lakini kwao ni Nzega, Urambo, Sikonge na Kaliua, na likizo ikifika treni na mabasi huwarudisha nyumbani.

Niseme hoja yangu mapema, mwenye haraka asisumbuke kuitafuta mwishoni. Mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza anaandika, lakini hakuna anayemsoma. Ninaomba mumpatie msomaji, na msomaji huyo asiwe mhadhiri wala wakili kama mimi. Awe mwanafunzi mwenzake wa mwaka wa tatu, aliyeandaliwa, aliyetengewa saa zake kwenye ratiba, na anayelipwa japo kidogo.

Kusoma ninakokusema si kusahihisha. Kusahihisha kupo. Asaimenti inakusanywa katikati ya muhula, inarudi mitihani ikiwa mlangoni, ina kumi na moja juu ya ishirini na alama za vema mbili tatu pembeni. Mara nyingine hairudi kabisa; koswek, yaani alama za kazi za muhula, inabandikwa ubaoni na watu wanapiga picha kwa simu. Kijana anajua kapata kumi na moja. Zile alama tisa zilipotelea wapi, hajui, na hana wa kumuuliza. Muhula unaofuata anaandika vilevile, kwa bidii zaidi, kosa lilelile.

Simlaumu mhadhiri. Tupige hesabu. Darasa likiwa na wanafunzi 200, na kila karatasi ikapewa dakika 15 tu za kusomwa na kuandikiwa maoni ya maana, hizo ni saa 50. Ni wiki nzima ya kazi na ziada juu yake, kwa asaimenti moja ya somo moja, na mhadhiri huyohuyo ana masomo mengine, ana tasnifu za mwaka wa mwisho, ana vikao. Kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi 14. Wazee wetu wanaposema kwamba enzi zao watu walijua kuandika, mimi siwabishii. Nawakumbusha tu idadi. Mwalimu wa watu 14 anamjua kila mmoja kwa mwandiko wake.

Sasa niwaonyeshe matokeo yanavyofika huku kwetu. Mkulima mmoja wa tumbaku, mteja wangu, alipitwa na muda wa kukata rufaa katika shauri la shamba. Katika maombi ya kuongezewa muda, kila wakili anajua kinachotakiwa: eleza siku moja baada ya nyingine ulikuwa wapi, kwa nini ulichelewa, na uonyeshe kwamba hukuzembea. Nikampa kijana wa mwaka wa tatu aandike rasimu ya hati ya kiapo. Ni kijana mwerevu, mwenye GPA ya kujivunia. Aliporudi, aya ya saba ilisema kwamba kusikilizwa ni haki ya msingi ya mwombaji chini ya Katiba, kwamba mahakama ina mamlaka ya kuongeza muda, na kwamba kwa hiyo maombi yakubaliwe. Siku ambazo mzee alikuwa amelazwa hospitali hazikuwemo. Tarehe aliyopewa nakala ya hukumu haikuwemo. Vyeti vya hospitali alikuwa navyo mezani, kavishikiza kwa pini vizuri kabisa.

Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Uganda wa mwaka 1966, kesi ya Matovu, tunafahamu kwamba hati ya kiapo ni mahali pa ukweli anaoujua muapaji, na kwamba hoja za kisheria, maombi na mahitimisho havina nafasi humo. Aya za namna hiyo hufutwa, na zikishafutwa, kilichobaki kikiwa hakitoshi, maombi yote yanaanguka na mkulima anabaki na gharama. Nikamuuliza kijana kama anaijua kesi ya Matovu. Anaijua! Akanimiminia yote: Obote wa Uganda, katiba ya 1966, mwanafalsafa wa sheria Kelsen na nadharia yake ya mapinduzi. Alifundishwa Matovu katika falsafa ya sheria na akaijibu kwenye mtihani. Kwamba kesi hiyohiyo ina kitu cha kumwambia siku anapokaa kuandika kiapo, hakuna aliyewahi kumwonyesha, kwa sababu tangu aingie chuoni hakuna aliyewahi kukaa naye juu ya aya yake mwenyewe.

Mtakumbuka Oktoba 2022. Matokeo ya Shule ya Sheria kwa Vitendo, wanakopita wahitimu wa sheria kabla ya kuwa mawakili, yalipotoka, kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. 342 walitakiwa kurudia mitihani na 265 wakaondolewa. Nchi nzima ikawa na maoni. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk. Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Wapo waliosema shule inakomoa watoto wa watu, wapo waliosema vyuo vinatoa digrii kama karanga, na wapo waliosema tatizo ni Kiingereza. Sitarudia mabishano yale. Kwa ninavyoona mimi nikiwa na rasimu zao mkononi, wengi wa vijana hawa sheria wanaijua. Wasichokijua ni namna ya kuishusha sheria ile juu ya tukio lililo mbele yao, kwa maandishi, hatua kwa hatua, bila kuruka. Na hilo halifundishiki kwa mhadhara. Unaweza kumweleza mtu IRAC mara mia, yaani hoja, kanuni ya sheria, kuihusisha na tukio, kisha hitimisho, na akakukariria kama sala. Mpe swali. Hoja ataandika mstari mmoja, kanuni kurasa mbili, halafu atarukia hitimisho. Pale katikati, kwenye kuihusisha, ambako ndiko mawakili tunakokula mkate wetu, hamna kitu.

Namna ya kumtoa huko ni moja: mtu aichukue karatasi yake, aisome mbele yake, amuulize swali, amrudishie aiandike upya.

Hapa kibarazani kwangu jambo hili lilianza bila mpango. Wa mwaka wa kwanza hawatumwi na vyuo kwangu. Hawajafika hatua hiyo. Wanakuja kwa sababu wamechoka kukaa nyumbani, au kaka au dada yao yupo kwangu. Nikawa nawapa wasome kesi na kuziandikia muhtasari ili wasizurure, na kwa kuwa sikuwa na muda wa kuwasomea, nikawakabidhi kwa wa mwaka wa tatu. Jumamosi asubuhi, meza moja, penseli moja. Nilichokiona nikiwa ndani na faili zangu ndicho kimenifanya niandike barua hii.

Kijana mmoja wa Kaliua alikuwa ameleta muhtasari wa kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ya kugawana mali baada ya talaka, uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983 ambao kila mwanafunzi wa sheria nchini hukutana nao. Kurasa mbili na nusu. Dada wa mwaka wa tatu, mtu wa Nzega, akazisoma zote kimya, kisha akaandika pembeni mwa ukurasa wa kwanza kwa penseli: “Mahakama iliulizwa nini?” Akamsukumia karatasi.

Kijana akasema iliulizwa kama Bi Hawa apewe nyumba.

“Hiyo ndiyo aliyoitaka yeye. Mahakama iliulizwa nini?”

Walikaa kwenye swali hilo karibu nusu saa, kwa Kiswahili kitupu. Wakafungua Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, wakasoma kwamba mahakama ikigawa mali hutazama mchango wa kila mmoja, wa fedha, mali au kazi. Ndipo kijana akasema, polepole kidogo, kwamba basi swali ni kama mama aliyepika, akafua, akalea watoto na kutunza nyumba, amechangia kwa maana ya kifungu hicho, au hayo ni majukumu yake tu. Dada akamwambia aandike sentensi hiyo, hiyohiyo, kabla haijampotea. Ukurasa mzima wa historia ya ndoa ya watu wale ukakatwa.

Halafu akamuuliza la pili: “Bi Hawa mwenyewe aliondoka na nini?”

“Alishinda.”

“Umesoma hukumu au umesoma desa?”

Kimya. Alikuwa amesoma desa, zile kurasa zinazouzwa kwenye steshenari za karibu na chuo, zilizofotokopiwa hadi herufi zimekonda. Kwenye desa kesi hiyo ni mstari mmoja: kazi za nyumbani ni mchango. Basi. Nikatoa kabatini kitabu cha TLR, yaani ripoti za kesi za Tanzania, cha mwaka 1983, akakaa nacho kwenye benchi, akaisoma hadi mwisho, kisha akacheka peke yake. Kanuni ilishinda, mama hakupata mgawo. Mahakama ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango, lakini ikaona kwamba fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya biashara ya familia alikuwa amezitapanya, kwa hiyo hakuna zaidi alichostahili. Na niseme kwa pembeni kwamba si wanafunzi peke yao. Nimewasikia hata watu wazima waliovaa joho wakiinukuu kesi hii kana kwamba Bi Hawa alirudi nyumbani na funguo.

Jumamosi iliyofuata muhtasari ulikuwa ukurasa mmoja. Ulikuwa na swali, kanuni, sababu, na matokeo yote mawili. Kiingereza chake bado kilikuwa kinachechemea. Lakini ulikuwa umeandikwa na mtu anayejua anachokisema, na dada wa Nzega hakuwa amemwandikia hata sentensi moja.

Mtaniuliza kwa nini asiwe mhadhiri, au kwa nini nisiwe mimi. Nimejaribu. Mimi nikimuuliza kijana swali lilelile, anasimama. Anasema “samahani, mheshimiwa,” anachukua karatasi, na anakwenda kuandika anachodhani nataka kukisikia. Kwa dada yake wa mwaka wa tatu anabisha. Anasema sijaelewa, rudia. Anathubutu kuonyesha rasimu mbovu, ile ya kwanza kabisa, ambayo asingemwonyesha mtu mwenye joho hata kwa fimbo. Na rasimu mbovu ndiyo inayofaa kusomwa. Tena huyu dada anakumbuka alikokwama. Miaka miwili tu imepita. Mimi nimesahau ilivyokuwa kutoitambua hoja ya kesi, na kwa hiyo mafundisho yangu huanzia mbali kuliko pale kijana alipo.

Kuna pia suala la lugha, ambalo vyuo vyenu vinalizungukazunguka. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikabaki kwa pale ambapo haki inakihitaji. Tarehe 1 Februari mwaka huohuo, Siku ya Sheria pale Dodoma, Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani kwa sababu alikuwa ameandika hukumu kwa Kiswahili. Wakati huohuo mihadhara na mitihani yenu ni ya Kiingereza, na vitabu na ripoti za kesi nyingi ni vya Kiingereza. Kijana aliyetoka shule ya kata akasoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, anatakiwa awe hodari kwa lugha zote mbili, na darasani ana ruhusa ya kukosea kwa moja tu. Mhadhiri amefungwa na kanuni za chuo. Mwenzake wa mwaka wa tatu hajafungwa: watabishana kwa Kiswahili mpaka hoja ieleweke, kisha watatafuta pamoja Kiingereza cha kuiandikia. Nimeona mara nyingi kwamba kinachoitwa Kiingereza kibovu ni wazo ambalo halijaiva. Wazo likishaiva, hata Kiingereza kifupi kinatosha, na jaji anashukuru kwa ufupi huo.

Jambo hili halijabuniwa Tabora. Chuo Kikuu cha Missouri pale Kansas City kilianza mwaka 1973 utaratibu ambao wanafunzi waliokwisha kufaulu somo gumu huongoza vipindi vya wenzao wanaolisoma sasa. Uliandaliwa na Deanna Martin na baadaye ukasambaa nchi nyingi. Ninachokipenda kwao ni uamuzi mmoja: walilenga masomo magumu, hawakulenga wanafunzi dhaifu. Anayekwenda kwenye kipindi haitwi mjinga, kwa sababu somo lenyewe linajulikana kuwa gumu na wote wanakwenda. Chuo Kikuu cha Brown, tangu 1982, kina wanafunzi wanaosoma rasimu za wenzao, wanaandika maoni, mwandishi anarekebisha, na mwalimu anapokea rasimu ya kwanza na ya pili kwa pamoja. Hakuna mtambo wala jengo jipya katika haya yote.

Kwa hapa kwetu naona iwe hivi. Wiki ya tatu ya muhula wa kwanza, kabla hofu haijazoeleka, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza awe amepangiwa msomaji wake, na msomaji asiwe na zaidi ya watu wanane. Wakizidi wanane atarudi kwenye kuweka vema. Muhula mmoja waandike vitu vitatu tu: muhtasari wa kesi, jibu la swali la tukio, na barua ya ushauri kwa mteja, hiyo ya mwisho kwa Kiswahili, maana mteja wa Uyui hatasoma Kiingereza chenu. Kila kimoja kipite kwa msomaji mara moja, kiandikwe upya, na kikabidhiwe kwa mhadhiri kikiwa kimeshikizwa pamoja na rasimu yake yenye penseli. Mhadhiri atoe alama kwa kazi ya mwisho kama kawaida. Rasimu achungulie chache, hasa ili awaone wasomaji wanavyofanya kazi. Msomaji asitoe alama kamwe. Siku atakapokabidhiwa alama, ule ujasiri wa kumwonyesha rasimu mbovu umekwisha.

Katika kuwachagua wasomaji naomba msiangalie GPA peke yake. Nimewaona wenye A tupu wasiojua wamefikaje hapo. Wao mambo yaliingia tu, na wakimwona mwenzao amekwama wanamwandikia jibu ili waende zao. Mwanafunzi aliyewahi kupata sapu, yaani kurudia mtihani, akakaa chini, akajirekebisha, mara nyingi ndiye msomaji bora, kwa sababu njia aliitembea kwa miguu na anajua mashimo yako wapi. Wapewe siku mbili za maandalizi na mhadhiri mmoja anayependa kazi hii. Kila kitivo kina mmoja, na mnamjua.

Kuhusu malipo nitakuwa mkweli. Msitegemee moyo wa kujitolea. Mwaka wa tatu ana maisha yake, ana bumu, fedha za mkopo wa chuo, linalochelewa, na wengine wanauza vocha na chipsi kulipia chumba. Posho ndogo ya mwezi, ukubwa wa ile mnayowalipa wasimamizi wasaidizi wa mitihani, itamfanya aje kwa wakati, na ninyi mtakuwa na haki ya kumdai kazi. Mwongezeeni barua rasmi ya kitivo inayosema alifanya nini. Mimi nikipokea barua ya namna hiyo kutoka kwa kijana anayeomba nafasi ofisini kwangu, nitaisoma kabla ya cheti cha matokeo.

Najua mtakalosema. Kwamba ni kipofu kumwongoza kipofu, wa mwaka wa tatu atawajaza wadogo zake sheria isiyo sheria. Ingekuwa hivyo kama kazi yake ingekuwa kufundisha sheria. Kazi yake ni kuuliza. Mahakama iliulizwa nini? Kanuni hii umeitoa wapi, nionyeshe. Tukio la swali lina ukweli huu hapa, mbona hujautumia? Sentensi hii ina mistari sita, kitenzi chake kiko wapi? Maswali hayo hayana sheria ya kupotosha. Mmoja wao akiulizwa sheria asiyoijua, anajibu hajui na anampeleka mwenzake maktaba au kwenye tovuti ya TanzLII, ambako hukumu za mahakama zetu zinasomwa bure.

Mtasema pia kwamba tunafungua mlango wa kudesa, yaani kunakili kazi ya mwingine. Nadhani tunaufunga. Kudesa kunastawi pale ambapo hakuna anayeona rasimu. Na siku hizi desa la steshenari lina mpinzani: akili mnemba. Kijana anaandika swali kwenye simu, anapewa jibu lenye Kiingereza safi na kesi tatu za kupendeza, moja kati ya hizo haipo duniani. Mwaka 2023 jaji mmoja wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT, na wale walikuwa watu wenye leseni kwa miaka. Mhadhiri mwenye karatasi 200 hawezi kuikamata kesi hewa kirahisi. Msomaji mwenye watu wanane anaikamata Jumamosi hiyohiyo kwa maneno mawili: fungua tuione.

Kwa viongozi wa Chama cha Mawakili Tanganyika hapa kwetu nina ombi fupi. Ofisi zetu nyingi zina makabati ya ripoti za kesi, TLR na zile za Afrika Mashariki, EA, ambayo hatuyagusi tangu hukumu zihamie mtandaoni. Tuyafungulie milango siku za Jumamosi katika likizo. Na anayepokea mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo asimgeuze tarishi wa kupeleka hati kwa karani wa mahakama na kurudi na chai. Ampe aya moja kwa wiki aiandike, na amrudishie ikiwa na maswali.

Mwaka mpya wa masomo unafunguliwa baada ya likizo hii. Kwa kitivo kitakachotaka kuanza na kundi moja tu la majaribio, somo moja, muhula mmoja, niko tayari kuja kwa nauli yangu kukaa na wasomaji wenu siku hizo mbili za maandalizi. Karatasi ya maswali tunayoitumia hapa kibarazani ni ya ukurasa mmoja, wameiandika wanafunzi wenyewe na wanaibadilisha kila likizo. Swali la kitenzi, kwa mfano, liliongezwa na yule kijana wa Kaliua, ambaye sasa ana wadogo zake wanne wa kuwasomea. Nakala zipo kwa karani wangu. Haziuzwi, na mkiona swali lisilofaa likateni.

Wenu katika taaluma,
Wakili wa kujitegemea, Tabora